Hesabu za Kichwa

Kumbukumbu ya kwanza ninayoidai kuwa yangu ni ya usiku. Nimo mgongoni mwa mama, nimefungwa kwa kitenge, maji yanagonga ubavu wa mtumbwi, na mbele yetu taa zimejipanga juu gizani. Ni meli ya MV Liemba, imesimama mbali kidogo na ufuko wa kwetu Kabwe, kwenye Ziwa Tanganyika. Enzi hizo hatukuwa na gati. Meli ilipiga honi, wasafiri wakaifuata kwa mitumbwi, na wapagazi wakaingia majini hadi kifuani na mizigo kichwani. Mama anakubali kwamba safari hiyo ilikuwapo: alikuwa anakwenda Kasanga kumuuguza dada yake. Anachokataa ni kwamba mimi naweza kuikumbuka. "Ulikuwa hujasimama dede," hunijibu kila ninapolitaja. "Hayo umesimuliwa na bibi yako."

Wanasayansi wako upande wa mama. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, na ya miaka michache inayofuata huyakumbuka vipande vipande. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiwamo Sheena Josselyn na Paul Frankland, walionyesha kwa kutumia panya sababu moja inayowezekana. Ubongo mchanga huzaa seli mpya kwa kasi kubwa, na seli hizo zinapojipenyeza kati ya zile za zamani huvuruga njia ambamo kumbukumbu za mwanzo zilikuwa zimehifadhiwa. Mtoto anasahau kwa sababu anakua. Miaka miwili baadaye, maabara ya Cristina Alberini huko New York ilionyesha, tena kwa panya, kwamba kilichosahaulika kwa namna hiyo hakijafutika chote. Kikichokozwa inavyofaa, kinaweza kuamka.

Bibi naye ana watetezi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko New Zealand uliwauliza watu wazima kumbukumbu zao za kwanza kabisa. Za Wamaori zilianzia kwenye umri wa miaka miwili na nusu na ushei, wakati za wenzao wenye asili ya Ulaya zilianzia karibu na miaka mitatu na nusu. Wamaori wana desturi ya kuwasimulia watoto habari za kuzaliwa kwao na za ukoo wao. Elaine Reese, wa nchi hiyohiyo, aliwafuatilia kina mama na watoto kwa miaka mingi, akaona kwamba watoto ambao mama zao walizoea kuzungumza nao kwa kirefu juu ya mambo yaliyopita, walipofika ujanani walikumbuka ya mapema zaidi kuliko wenzao.

Bibi yangu alikuwa mtu wa aina hiyo. Alitoka juu Ufipa, upande wa Namanyere, akateremka kukaa nasi ziwani baada ya babu kufariki. Jioni, wakati mama anasonga ugali, yeye alinisimulia siku yangu ya kuzaliwa: mvua iliyonyesha, jirani aliyekimbilia kumwita mkunga, nilivyochelewa kulia. Akafika mahali fulani akanyamaza makusudi, ili niendeleze mimi. Kwa hiyo taa zile za Liemba huenda ni zangu na huenda ni zake. Sina haja ya kugawana naye.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya katika kliniki ya mama na mtoto, Sumbawanga. Nawapandisha watoto mizani, nawalaza kwenye ubao wa kupimia urefu, najaza kadi, na mama zao wananiuliza kama uzito umeongezeka. Hakuna anayeniuliza habari za kumbukumbu, na ningependa sana waniulize. Tumezoea kuuzungumzia utoto kana kwamba unatuachia kumbukumbu tu, nzuri na mbaya, ambazo mtu mzima ataamua mwenyewe kuzibeba au kuzitua. Ninachokiona kazini na katika familia yangu ni kizito kuliko hicho. Utoto unajenga chombo chenyewe ambacho mtu atakumbukia maisha yake yote. Ukikijenga vibaya, mtoto hatakuja kukulaumu, maana hatajua kilichopungua.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha hili kabla sijafungua kitabu chochote cha uuguzi. Kwa maelezo ya mama, mimba yake ilipita katika kipindi ambacho dhoruba ilikuwa imechukua nyavu za baba, naye baba akawa kibarua katika mitumbwi ya wenzake. Mama alikula ugali wa muhogo na kisamvu, mara nyingi bila kitoweo, kando ya ziwa lililojaa samaki. Kaka alizaliwa mdogo. Aliachishwa ziwa mapema kwa sababu mimba nyingine iliwahi. Darasani alirudiarudia madarasa, na alipomaliza la saba alikuwa bado anasoma kwa kidole, neno baada ya neno.

Umwone leo usiku ziwani. Anajua kila rasi na kila mwamba kutoka Kabwe hadi Kipili. Anajua upepo ukitoka upande gani akimbilie ghuba ipi, hata pasipo mwezi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire wa London alipiga picha za ubongo wa madereva teksi wa jiji hilo, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa, akakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Hipokampasi ni kiungo kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, usawa wa masikio. Ndicho kinachotunga kumbukumbu mpya na ndicho kinachochora ramani za mahali. Nikisoma habari za madereva wale namfikiria kaka.

Lakini sipendi anapotajwa kama ushahidi kwamba njaa ya utotoni haina madhara. Mpe maagizo matatu kwa mpigo, la tatu litapotea. Wanunuzi wa dagaa wanalijua hilo, na kwa miaka mingi walimpunja kwa kumtajia bei, idadi ya magunia na deni la nyuma katika pumzi moja. Siku hizi shemeji anasimama naye mwaloni na daftari. Kaka ni mtu mwenye akili ambaye kazi ndogo zinamchosha kuliko inavyostahili, na hilo lilianza kabla hajaliona jua.

Wasioishi ziwani hushangaa mtoto anadumaaje Kabwe. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, na taa haiwavuti dagaa mbalamwezi ikiwa imejaa. Wavuvi huhesabu maisha yao kwa giza: giza hili tulipata, giza lililopita tulikosa. Kwenye mbalamwezi nyumba huishi kwa kukopa. Giza likirudi, dagaa wa kwanza ni wa kulipa deni. Wanaanikwa asubuhi, jua likiwa kali wanakauka siku hiyohiyo, na kabla hawajapoa mnunuzi ameshafunga magunia. Mengine yanapanda Ufipa kwenda Sumbawanga, mengine yanavuka kwenda Kongo au kushuka Zambia. Jikoni hubaki kile ambacho mnunuzi amekitenga, tena mwenye kupewa kwanza ni mwanamume anayerudi kuvua.

Juu Ufipa hadithi ni nyingine na mwisho wake ni uleule. Mkoa wa Rukwa uko katika mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na maharage. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Iringa na Njombe, nazo zenye chakula tele, zilikuwa juu yetu. Afadhali kidogo kuliko utafiti wa 2015 na 2016, ambapo Rukwa ilikuwa na asilimia 56. Kwenye kliniki yangu maana yake ni kwamba nikiwalaza watoto kwenye ubao, karibu kila wa pili ni mfupi kuliko umri wake, na mama yake ananiambia kwa uhakika kwamba anakula vizuri, anashiba. Ni kweli, anashiba. Anashiba uji wa mahindi asubuhi na ugali mchana na usiku, na mama yuko shambani kutwa nzima kwa sababu mahindi hayo hayajilimi.

Urefu ndio unaoonekana. Nisichowaonyesha mama zao kwenye kadi ni ubongo, ambao mtoto akizaliwa una robo hivi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na akifikisha miaka miwili umeshafika kwenye robo tatu au zaidi. Kazi hiyo yote inahitaji protini, mafuta, zinki na madini chuma, tena kwa wakati wake. Betsy Lozoff wa Marekani aliwafuatilia watoto wa Costa Rica waliokuwa na upungufu mkubwa wa madini chuma wakiwa wachanga. Walitibiwa, damu ikawa nzuri. Walipofika miaka 19 bado walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili. Ndiyo maana tunasisitiza siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye uji wanabeba karibu vyote nilivyovitaja, na magunia yao yanapita mbele ya mlango wa kliniki.

Madini joto nayo nisiyaache. Bibi alikuwa na rovu shingoni, na wanawake wengi wa rika lake Ufipa walikuwa nalo, wakiliona kuwa sehemu ya uzee. Upungufu wa madini joto, ambao ndio unaoleta rovu, ukimpata mama mjamzito unaugusa ubongo wa mtoto tumboni, na ndiyo sababu katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zenye tatizo kubwa. Mwaka 2009 wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero, waliandika kwamba watoto wa Tanzania waliokingwa na vidonge hivyo wakiwa tumboni walisoma zaidi, kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka wa shule. Wengine walipozirudia hesabu zao, mwaka 2020, walikuta matokeo hayo ni dhaifu na yanabadilika kwa urahisi. Nayataja yote mawili kwa sababu mama anayeniamini anastahili kujua ni wapi elimu yetu imesimama imara na ni wapi bado inatafutwa. Kwamba ubongo wa kijusi unahitaji madini joto, hilo halina ubishi. Chumvi iliyowekwa madini hayo si ya kubahatisha.

Na kuna Kabwe nyingine, ambako tatizo si upungufu bali sumu. Iko Zambia, kusini ya Kapiri Mposhi inakoishia reli ya TAZARA, na zamani iliitwa Broken Hill. Nikitaja nilikozaliwa, watu wa kule hudhani nimetoka kwao. Mgodi wa risasi ulichimbwa hapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi ulipofungwa mwaka 1994, na vumbi lake limebaki kwenye viwanja ambako watoto wanacheza na kutia mikono mdomoni. Mwili wa mtoto huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ikaingia kwenye mifupa na kwenye ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wachimbaji wengi wa siku zile wameshazikwa, na watoto waliozaliwa mgodi ukiwa umeshafungwa wanapata shida ya kusoma. Sijui neno jingine la kuliita hilo zaidi ya dhuluma.

Sasa nieleze ya shule, ambayo ndiyo yanayonigusa mwenyewe.

Darasa la tatu tulianza siku kwa hesabu za kichwa. Tulipanga mstari nje. Mwalimu alisimama mlangoni, fimbo ya mpera mkononi, akamwuliza kila mtoto swali lake. "Saba mara nane, toa tisa." Mwenye jibu aliingia. Asiye nalo alinyoosha kiganja, na mtoto aliyekuwa nyuma yake alitazama.

Hesabu nilizijua. Nyumbani mimi ndiye niliyemhesabia baba makopo ya dagaa na chenji za wateja, na hakuna aliyenisahihisha. Pale mlangoni mambo yalikuwa mengine. Nilisikia saba mara nane, nikapata hamsini na sita, nikaishika. Kisha jicho likaenda kwenye fimbo, na nilipoigeukia hamsini na sita ili nitoe tisa, haikuwapo. Si kwamba nilikosea kutoa; hakikuwapo cha kutolewa. Nilianza upya, saba mara nane, na mwalimu akawa ameshahesabu kuwa nimeshindwa. Nakumbuka ubaridi wa tumbo, harufu ya samaki iliyokuwa kwenye sare yangu, vidole vya miguu vya mwalimu ndani ya kandambili. Hayo yote niliyashika vizuri. Kilichoniponyoka ni namba.

Kushika kitu kichwani huku unakifanyia kazi ni aina ya kumbukumbu iliyo tofauti na ile ya kukumbuka harusi ya shangazi. Nafasi yake ni finyu kwa kila mtu. Inategemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, na hofu inapobisha hodi, ubongo humpisha kwanza anayetaka kuokoa maisha. Mtoto aliyetishwa anatazama fimbo kwa sababu ubongo wake unafanya kazi sawasawa, na kwa sababu hiyohiyo hawezi kutoa tisa.

Hilo ni la papo kwa papo. La muda mrefu lilianza kueleweka mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake huko New York walipogundua kwamba homoni ya msongo inapokewa kwa wingi ndani ya hipokampasi ya panya. Kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi homoni hiyo, ambayo kwa binadamu ni kotisoli, inasaidia kukumbuka. Ndiyo maana ajali haisahauliki. Ikimiminika siku nyingi mfululizo, matawi ya seli za kiungo hicho husinyaa. Kwa mtu mzima mengi yanaweza kurudi akipumzika. Mtoto ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa kiungo chake bado kinajengwa.

Kwa muda mrefu nilidhani hayo ni ya wenzetu wa maabara za mbali, hadi niliposoma utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania. Tobias Hecker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi, wenye umri wa wastani wa miaka kumi na nusu. Asilimia 95 walisema walimu wamewahi kuwachapa. Katika makala waliyochapisha mwaka 2016 walionyesha kwamba watoto walioadhibiwa kwa ukali zaidi walikuwa na woga na huzuni ya ndani zaidi, na wenye woga na huzuni hiyo walikuwa na uwezo mdogo wa kushika mambo kichwani na alama ndogo darasani. Utafiti wa mara moja hauwezi kuthibitisha kipi kilitangulia; inawezekana pia kwamba mtoto anayepata shida ya kukumbuka ndiye anayechapwa zaidi. Hata ikiwa hivyo, fikiria maana yake: tunamwadhibu kwa upungufu ambao adhabu yetu inauzidisha.

Mimi mwenyewe nilivuka. Nilifaulu, nikasomea uuguzi, nikaajiriwa. Lakini hadi leo mtu akinisimamia kwa sauti kali na kutaka jibu hapohapo, namba zinaondoka. Wodini, nikikokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake, naandika kila hatua kwenye karatasi, hata ile ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeifanya kwa kichwa. Wenzangu husema nina umakini. Ni umakini kweli, na umewakinga wagonjwa. Ila najua ulianzia mlangoni pale.

Methali tunayoitumia kuhalalisha fimbo ni ile ya samaki kukunjwa angali mbichi. Sisi wa ziwani tunamjua samaki. Mgebuka aliyekunjwa akakaushwa juu ya moshi hanyooki tena, ukilazimisha, anavunjika. Wahenga walisema kweli tupu kuhusu ubichi, na ndiyo sababu inayotosha kumfanya mtu aogope anachokikunja.

Kitu cha kushangaza ni kwamba sheria yetu haiko mbali sana na ninayoyasema. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kushindwa kutoa tisa kwenye hamsini na sita si kosa la aina hiyo. Wala si kweli kwamba walimu hawabadiliki. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, akishirikiana na kikundi hichohicho cha Hecker, aliendesha mafunzo ya siku chache kwa walimu wa sekondari za serikali, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika shule zilizopata mafunzo ukali ulipungua kuliko katika zile ambazo hazikuyapata.

Nisingependa mzazi asome hadi hapa akadhani kila kitu kimeshaamuliwa. Vita vya Kongo vilipozuka mwaka 1996, na tena 1998, watu walivuka ziwa hadi mwambao wetu, kilomita hamsini hivi za maji, wengi usiku. Baadaye wengi walipelekwa kwenye kambi za Kigoma. Mtoto mmoja wa kike, mwenye miaka kama mitano, alibaki nyumbani kwetu kwa kitambo na shangazi yake. Hakuwa anasema. Injini ya boti ikiwashwa mwaloni, aliingia uvunguni. Ukimtuma kikombe, alisimama katikati ya chumba, amesahau alichotumwa.

Bibi hakumwuliza kitu. Alimweka karibu naye jikoni, akamsimulia za sungura na fisi kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifipa, hadithi zilezile kwa mpangilio uleule kila jioni, na alipofika mahali pake akanyamaza, kama alivyonifanyia mimi. Ilichukua muda mrefu. Siku moja mtoto alijaza pengo kwa neno moja, bibi akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na sote tukafuata mfano wake tusimshtue. Kufikia wakati ndugu zake walipopatikana na akaondoka nao, alikuwa anatumwa dukani vitu viwili na chenji.

Nilipokuja kusoma juu ya watoto waliotelekezwa wa Bucharest, Romania, nilimkumbuka bibi. Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza mwaka 2000 na watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, wakilishwa na kuvalishwa, bila mtu wa kumwita wao. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi zilizochaguliwa. Miaka ilipopita, waliopelekwa kwenye familia waliwazidi waliobaki kwa akili na kwa utulivu, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi ndio walionufaika zaidi kwa mambo mengi. Kuwahi kuna faida kubwa, ila mtoto wetu yule alikuwa na miaka mitano.

Hivi karibuni niliomba nafasi ya kusema katika kikao cha wazazi kwenye shule anakosoma mwanangu wa mwisho. Niliomba tuonyeshwe kitabu cha adhabu. Kilikuwapo, na kurasa zake zilikuwa safi, wakati watoto wetu wanarudi na mikono iliyovimba. Mzee mmoja akasimama akasema wao walichapwa na wamekuwa watu. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mliokaa dawati moja, wangapi walifika la saba?" Alifikiri, akawataja kwa majina wale walioacha njiani, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa bado anawakumbuka wote.

Kisha mwalimu wa darasa la tatu akaomba kusema, na alisema bila hasira. Darasa lake lina watoto zaidi ya mia moja. Wengi hutoka nyumbani bila kula, na ifikapo saa nne hawasikii tena, uwachape au uwabembeleze. Alisema fimbo ataiweka chini, lakini njaa hana namna ya kuiondoa peke yake. Hapo ndipo kikao kilipogeuka kuwa cha uji. Wazazi wengi walikubali kuchanga mahindi, kwa kuwa mwaka huu yamo. Dagaa ndio waliozusha mjadala, kwani sokoni bei imepanda na kila mtu alitaka kujua nani atasaga na nani atatunza. Tumeunda kamati. Kaka amesema gunia la kwanza atalituma yeye giza lijalo, kabla wanunuzi hawajafika mwaloni, na shemeji ameshaliandika kwenye daftari.